Sesheni ya tmux imepotea au haitaki kurudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyefungua terminali akitarajia kukuta madirisha yake ya tmux (programu inayoendesha kazi kadhaa ndani ya terminali moja na kuziacha hai hata dirisha likifungwa) kama alivyoyaacha, akakuta patupu. Yanahusu tmux yenyewe na programu jalizi (nyongeza zake) mbili zinazotumiwa sana kuhifadhi na kurejesha sesheni, tmux-resurrect na tmux-continuum, hii ya pili ikihifadhi kiotomatiki. Kila panapotajwa kitangulizi, yaani vitufe vinavyobonyezwa kabla ya amri ya tmux, maana yake ni Ctrl-b, isipokuwa kama umekibadilisha kwenye faili lako la mipangilio.

## Sesheni zangu hazipo. Nianzie wapi?

Anza kwa kutofanya kitu. Usianzishe tmux mpya, usibonyeze vitufe vya kurejesha, usiwashe kompyuta upya. Watu wengi hupoteza kazi yao katika dakika hizi za haraka, wala si pale hitilafu ilipotokea.

Sesheni ya tmux haikai ndani ya dirisha unaloliona. Kuna seva inayoendesha kazi zote nyuma ya pazia, na kuna mteja ambaye ni dirisha lako tu. Dirisha likifungwa au mtandao ukikatika, anayeondoka ni mteja. Seva inaendelea na kazi. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: seva bado iko hai, au imekufa?

```
tmux ls
pgrep -u "$USER" -l tmux
uptime
```

Amri ya kwanza inaorodhesha sesheni. Ya pili inaonyesha kama kuna mchakato wowote wa tmux unaoendeshwa kwa jina lako; kwenye Linux seva huonekana kama `tmux: server`. Ya tatu inakwambia mashine imekuwa macho kwa muda gani. Ikiwa imewaka dakika chache zilizopita, basi ilijizima na kuwaka, na seva iliondoka nayo.

Seva ikiwa hai, unachohitaji ni kujiunga nayo tena kwa `tmux attach`, au `tmux attach -t jina` kama sesheni ziko kadhaa. Usirejeshe chochote kutoka kwenye faili. Seva ikiwa imekufa, hapo ndipo tmux-resurrect inapokuwa na kazi. Lakini kabla ya kuigusa, nakili mafaili yake pembeni:

```
cp -a ~/.local/share/tmux/resurrect ~/nakala-resurrect
```

Kwenye usakinishaji wa zamani saraka hiyo ni `~/.tmux/resurrect`. Nakala hii inachukua sekunde moja, nami naisisitiza kuliko jambo lingine lolote humu. Ukianzisha tmux mpya yenye dirisha moja tupu huku uhifadhi wa kiotomatiki umewashwa, baada ya muda hali hiyo tupu ndiyo itakayohesabiwa kuwa ya mwisho.

## `tmux ls` inasema "no server running on /tmp/tmux-1000/default". Kazi imekwenda?

Si lazima. Ujumbe huo unasema tu kwamba mteja hakuipata seva kupitia soketi hiyo, yaani faili ambalo mteja na seva huwasilianiana kupitia kwalo. Ile 1000 ni namba ya mtumiaji, na `default` ni jina la soketi. Ukiwa umeingia kama mtumiaji mwingine, au umetumia `sudo`, utakuwa unatafuta kwenye saraka isiyo yako. Vivyo hivyo ikiwa siku ile ulianzisha kwa `tmux -L kazi`: lazima uitafute kwa `tmux -L kazi ls`. Kigeu cha mazingira `TMUX_TMPDIR` nacho hubadilisha mahali soketi inapowekwa.

Kwa wanaofanya kazi kwenye mashine za mbali, kuna chanzo ambacho hakiwajii akilini upesi. Anwani moja ya SSH inaweza kuwa na mashine kadhaa nyuma yake, na kila ukiingia unapelekwa kwenye mojawapo. Jana ulikuwa kwenye ya kwanza, leo uko kwenye ya tatu. Andika `hostname` ulinganishe na jina lililokuwa kwenye mstari wa hali chini ya tmux. Ukigundua ni hivyo, ingia moja kwa moja kwenye mashine yenyewe kwa jina lake.

Hali nyingine: `pgrep` inaonyesha seva iko hai, mtumiaji ni wewe, mashine ndiyo ileile, lakini soketi haipo. Mara nyingi ni kwa sababu kitu fulani kimesafisha `/tmp`. Seva inaweza kuambiwa iunde soketi upya:

```
kill -USR1 namba_ya_mchakato_wa_seva
tmux attach
```

Weka namba uliyoipata kwenye `pgrep`, ile ya seva na si ya mteja. Usitumie `kill -9`. Hiyo inaua seva pamoja na kila kilichomo.

## Kila nikitoka SSH, sesheni inakufa. Si ndiyo maana ya tmux kwamba ibaki?

Ndiyo, na inapokufa kuna mtu au kitu kinachoiua. Kwanza hakikisha unavyotoka: kitangulizi kisha `d` ni kujitenga, na sesheni inabaki. Ctrl-d au `exit` ni kufunga sheli (programu inayopokea amri zako), na sheli ya mwisho ikifungwa sesheni nayo inaisha. Halafu tazama kama faili lako la mipangilio lina `destroy-unattached on`. Chaguo hilo huangamiza sesheni punde tu inapobaki bila mteja.

Kama hayo yako sawa, mtuhumiwa ni systemd, programu inayosimamia huduma na kuingia kwa watumiaji kwenye Linux nyingi. Kuanzia toleo la 230, la mwaka 2016, mpangilio wa msingi wa systemd ni kuua michakato yote ya mtumiaji anapotoka. Mifumo mingi ya Linux iliuzima mpangilio huo, lakini si yote, na msimamizi anaweza kuuwasha mwenyewe. Angalia mstari wa `KillUserProcesses` ndani ya `/etc/systemd/logind.conf`. Ukikuta `yes`, hatua ni mbili na zinakwenda pamoja:

```
loginctl enable-linger
systemd-run --user --scope tmux
```

Ya kwanza inaruhusu huduma zako ziendelee hata usipokuwa umeingia. Ya pili inaianzisha tmux chini ya huduma hizo badala ya chini ya kuingia kwako kwa SSH. Kwenye mashine ya taasisi, muulize msimamizi kwanza. Huenda mpangilio huo umewekwa kwa makusudi, na kuukwepa kimyakimya kunaweza kukufungia akaunti.

Kuna pia mashine zenye RAM ndogo, ambako mfumo huua michakato kumbukumbu inapojaa. `journalctl -k | grep -i oom` itakuonyesha.

## Umeme ulikatika. Je, tmux inaweza kurudisha kazi yangu kama ilivyokuwa?

tmux peke yake haiwezi. Seva yake inaishi kwenye RAM, na RAM ikikosa umeme hakuna kilichobaki.

tmux-resurrect husaidia, lakini ni muhimu ujue inahifadhi nini. Inaandika majina ya sesheni, madirisha, vidirisha (sehemu ambazo dirisha moja limegawanywa) na mpangilio wao, saraka ambayo kila kidirisha kilikuwa ndani yake, na amri iliyokuwa ikiendeshwa pale. Basi. Haihifadhi yaliyokuwa ndani ya programu. Hesabu iliyofika nusu haitaendelea kutoka nusu, muunganisho wa hifadhidata utafunguliwa upya, na vigeu ulivyoviweka kwa mkono kwenye sheli havitakuwepo. Inachokujengea upya ni nyumba na vyumba vyake, si mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea ndani.

Faili lenyewe ni maandishi ya kawaida. Lifungue kwa `less` ulisome. Hata kama urejeshaji umegoma kabisa, ndani yake utaona ulikuwa kwenye saraka zipi ukiendesha nini, na mara nyingi hiyo inatosha kukurudisha kazini kwa mkono.

## Nimebonyeza kitangulizi kisha Ctrl-r, hakuna kinachorudi.

Nenda kwenye saraka ya mafaili:

```
cd ~/.local/share/tmux/resurrect
ls -l
```

Utaona mafaili yenye majina kama `tmux_resurrect_20250114T093000.txt`, ambapo tarehe na saa ni sehemu ya jina, na kiungo kinachoitwa `last` kinachoelekeza kwenye mojawapo. Urejeshaji husoma kile ambacho `last` inakielekeza, hausomi kingine. Sasa tazama ukubwa wa faili hilo. Mashine ikizimika ghafla katikati ya kuandika, `last` inaweza kubaki ikielekeza kwenye faili la baiti 0. tmux-resurrect inasoma utupu, na inarejesha utupu.

Dawa ni kuchagua faili la kabla yake ambalo lina kitu ndani, na kuelekeza kiungo huko:

```
ln -sf tmux_resurrect_20250114T091500.txt last
```

Kisha rudia kitangulizi na Ctrl-r. Njia hiihii ndiyo utakayoitumia kama `last` si tupu ila ina hali usiyoitaka, mathalani ile tmux mpya yenye dirisha moja. Mafaili ya nyuma hayafutwi mara moja. Kwa kawaida yanayoondolewa ni yaliyozidi siku 30, na hata hapo matano ya karibuni huachwa.

Ikiwa faili ni zima na bado hakuna mabadiliko, kumbuka kwamba tmux-resurrect haigusi dirisha au kidirisha ambacho tayari kipo. Ukiwa umeshajenga sesheni yenye jina lilelile na madirisha yaleyale, itayaruka. Isipokuwa ni pale tmux inapokuwa na kidirisha kimoja tu, hicho hufunikwa. Kwa hiyo rejesha ukiwa kwenye tmux iliyoanza sasa hivi, kabla ya kufungua vitu.

Na kama hata ujumbe wa kurejesha hauonekani chini ya skrini, programu jalizi haijapakiwa. Mstari wa `run '~/.tmux/plugins/tpm/tpm'`, unaoanzisha tpm, msimamizi wa programu jalizi za tmux, unapaswa kuwa wa mwisho kabisa kwenye faili la mipangilio, kisha ubonyeze kitangulizi na `I` kubwa ili isakinishwe. Hakikisha pia huna mafaili mawili ya mipangilio, `~/.tmux.conf` na `~/.config/tmux/tmux.conf`, ukawa unahariri moja huku mistari unayoitafuta iko kwenye jingine.

## tmux-continuum haihifadhi yenyewe, ingawa nimeiweka.

Hili linawachanganya watu wengi kwa sababu halitoi kosa lolote. Unagundua siku ya msiba kwamba faili la mwisho ni la miezi iliyopita.

tmux-continuum haina saa yake. Inajipachika kwenye upande wa kulia wa mstari wa hali, na kila mstari huo unapochorwa upya, inaangalia kama dakika 15 zimepita tangu ihifadhi. Kitu chochote kinachoandika upya upande huo wa mstari baada yake kinaifuta bila wewe kujua. Mandhari za rangi ndizo zinazofanya hivyo zaidi. Thibitisha:

```
tmux show -gv status-right
```

Jibu lisipokuwa na `continuum_save.sh`, imefutwa. Weka tmux-continuum iwe ya mwisho katika orodha ya programu jalizi, baada ya mandhari, na usiwe na mstari wa `set -g status-right` chini yake. Kama umezima mstari wa hali kabisa kwa `set -g status off`, hakuna kinachochorwa, kwa hiyo hakuna kinachohifadhiwa.

Sababu nyingine ni seva ya pili. Ukiwa na seva nyingine ya tmux inayoendeshwa kwa akaunti yako, kwa mfano uliyoianzisha kwa `-L`, uhifadhi wa kiotomatiki hausimamiwi na ile mpya, ili zisifutiane.

## Inahifadhi, lakini hairejeshi kompyuta inapowaka.

Unahitaji `set -g @continuum-restore 'on'`. Urejeshaji huo hutokea seva inapoanza tu. Kupakia upya mipangilio kwa `tmux source-file` hakutauchochea, hata ufanye mara ngapi. Angalia vilevile kama kwenye saraka yako ya nyumbani kuna faili liitwalo `tmux_no_auto_restore`. Likiwepo, hata kama ni tupu, urejeshaji wa kiotomatiki huzimwa.

## Madirisha yanarudi, lakini programu zilizokuwa ndani hazirudi.

Ni kwa makusudi. tmux-resurrect inarejesha orodha fupi ya programu zisizo na madhara zikianzishwa upya: `vim`, `nvim`, `emacs`, `man`, `less`, `tail`, `top`, `htop` na chache nyingine. Nyingine unaziongeza mwenyewe:

```
set -g @resurrect-processes 'ssh psql "~rails server"'
```

Alama ya `~` inamaanisha maneno hayo yatafutwe popote ndani ya amri nzima. Inahitajika kwa sababu amri kama inavyoonekana kwenye orodha ya michakato mara nyingi huwa na njia ndefu ya faili mbele yake kuliko ulivyoiandika.

Ipo pia `':all:'`, inayorejesha kila kitu. Nakusihi usiiweke. Kidirisha kilichokuwa kikiendesha amri ya kufuta mafaili au ya kubadilisha muundo wa hifadhidata kitaiendesha tena amri hiyo, bila kukuuliza, labda ukiwa bado unasubiri skrini iwake.

## Vim inafunguka tupu.

Ilirejeshwa kama amri, bila mafaili yaliyokuwa wazi ndani yake. Weka `set -g @resurrect-strategy-vim 'session'`, au `-nvim` kwa Neovim, kisha hakikisha kuna `Session.vim` kwenye saraka ya mradi. Faili hilo huundwa kwa `:mksession`, ila linapitwa na wakati papo hapo. Programu jalizi ya vim-obsession ndiyo inayolisasisha mfululizo.

## Nataka maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yarudi pia.

Inawezekana:

```
set -g @resurrect-capture-pane-contents 'on'
```

Fikiri kwanza. Kila kilichoonekana kwenye skrini kitaandikwa kwenye diski bila kufichwa: ishara za siri, vipande vya data za watu, manenosiri uliyoyaonyesha kwa bahati mbaya. Kwenye mashine inayotumiwa na wengi, mimi naacha chaguo hili limezimwa.

Wengi wanaoliomba wanachokitaka hasa ni historia ya amri zao, na hiyo ina njia salama zaidi. Bash huandika historia inapofungwa, kwa hiyo umeme ukikatika, amri zote za siku hiyo zinapotea. Na ukiwa na vidirisha vingi, kimoja kinaweza kufuta historia ya kingine. Ongeza kwenye `~/.bashrc`:

```
shopt -s histappend
PROMPT_COMMAND='history -a'
```

Kila amri itaandikwa mara inapomalizika. Kwa zsh ni `setopt INC_APPEND_HISTORY`.

## "protocol version mismatch" maana yake nini?

tmux imesasishwa huku seva ya toleo la zamani ikiendelea. Mteja mpya na seva ya zamani hawaelewani. Kazi yako iko salama, na si lazima uiue seva. Kwenye Linux, programu ya zamani bado inapatikana kupitia mchakato wenyewe, hata kama faili lake limeshafutwa kwenye diski:

```
/proc/namba_ya_seva/exe attach
```

Ingia, maliza kazi, hifadhi, ndipo ufunge seva na kuanza na toleo jipya.

## Nimejiunga tena, lakini git na ssh zinakataa ufunguo wangu.

Sheli iliyomo ndani ya sesheni bado inashikilia anwani ya wakala wa SSH (programu inayotunza funguo zako) wa kuingia kwako kulikopita, ambaye hayupo tena. tmux inaijua anwani mpya, ila haiwezi kuisukuma ndani ya sheli ambayo tayari inaendeshwa. Kwenye kidirisha husika:

```
eval "$(tmux show-environment -s SSH_AUTH_SOCK)"
```

Madirisha utakayoyafungua baada ya kujiunga hayatakuwa na tatizo hili.

## Sesheni imerudi ikiwa ndogo, pembeni kumejaa nukta.

Kuna mteja mwingine mwenye skrini ndogo ambaye bado ameunganishwa. `tmux attach -d` inawatoa wengine wote, na kitangulizi kisha `D` kubwa inakuwezesha kumchagua wa kumtoa. Ikiwa uko peke yako na bado ni ndogo, huenda ukubwa uliwahi kuwekwa kwa mkono. `tmux set -wu window-size` inauondoa.

## "missing or unsuitable terminal"

Mashine ya mbali haina maelezo ya aina ya terminali unayotumia. Kwa haraka, anza na `TERM=xterm-256color tmux attach`. Kwa kudumu, yatume maelezo hayo kutoka kwenye mashine yako, ukiwa nje ya tmux: `infocmp -x | ssh mashine tic -x -`.

## Nilitaka kuhifadhi, terminali ikaganda.

Ulibonyeza Ctrl-s bila kitangulizi. Vitufe hivyo husimamisha maandishi yasitoke. Bonyeza Ctrl-q, yataendelea.

## Natumia GNU Screen, si tmux.

Kanuni ya kutafuta ni ileile: `screen -ls` kwanza. Ikisema sesheni imeshaunganishwa mahali pengine, tumia `screen -d -r`. Zilizoandikwa kuwa zimekufa ondoa kwa `screen -wipe`. tmux-resurrect haifanyi kazi na Screen.

## Nitajuaje kwamba urejeshaji wangu unafanya kazi kabla sijauhitaji?

Uujaribu. Chagua wakati ambapo hakuna kazi inayoendelea. Bonyeza kitangulizi kisha Ctrl-s, subiri ujumbe wa kwamba imehifadhiwa, angalia kwa `ls -l` kwamba `last` inaelekeza kwenye faili la sasa hivi lenye ukubwa unaoeleweka, kisha `tmux kill-server` na uanzishe tmux tena. Linganisha kilichorudi na ulichokuwa nacho: saraka, majina ya madirisha, programu. Kinachokosekana hapo ndicho kitakachokosekana umeme ukikatika, nawe bado una nafasi ya kukiongeza kwenye mipangilio. Rudia jaribio kila unapobadilisha mandhari, kuongeza programu jalizi au kusasisha tmux, kwa kuwa ndipo uhifadhi wa kiotomatiki huzimika bila kutoa ujumbe.